Tunda la Msonobari Kwenye Kiti cha Beryl

Beryl Tapscott amelinda chumba cha kulala cha lodi, bwana mkubwa wa zamani, pale Harlacombe, jumba la kale linalotembelewa na wageni, kwa miaka kumi na tisa, tena bila mshahara. Alianza wiki tatu baada ya kumzika mumewe, na ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana. Chumba kile ndicho kinachomtoa kitandani asubuhi. Mimi natunza waridi chini ya dirisha lake, kwa hiyo vituko vyake navijua vyote, hasa anavyowasimulia wageni habari za mapazia mpaka wanakimbilia chai.

Kwetu kiti cha kale hakiwekewi bango. Huwekewa tunda kavu la msonobari, na mtu aliyelelewa vizuri akiliona hakikalii. Kiti cha mlinzi huachwa kitupu. Sasa Jumamosi ile aliyefagia, sijui akili alizipeleka wapi, akalirudisha tunda kwenye kiti cha mlinzi. Madirisha yalikuwa yamezibwa ili jua lisichujue hariri, na chumba kilikuwa na giza giza. Beryl akaona tunda huku, kule hakuna, akakaa kule. Akasikia kra! Kiti cha miaka mia tatu hicho.

Alinifuata bustanini uso umempauka, akaniambia amekivunja. Nikamuuliza kama ameona ufa. Hakuthubutu hata kuangalia. Mwaka jana mwenzetu aliegemea nguzo ya kitanda tu, wakamhamishia maegeshoni kuelekeza magari. Nikamshauri anyamaze, nani angejua?

"Nikinyamaza, Gwen, kesho nitawaambiaje wageni wasiguse vitu?"

Basi nikatupa mkasi nikamfuata, nimefura kwa hasira, maana rafiki mkweli kupita kiasi anachosha jamani.

Imogen Lisle, msimamizi wa vyombo vyote vya nyumba ile, alimsikiliza mpaka mwisho. Akavaa glavu, akakipindua kiti, akamulika kila kiungo kwa tochi. Beryl alikuwa ameshavua beji yake, ameishika kiganjani tayari kuikabidhi.

"Hakina hata mkwaruzo," Imogen akasema.

Beryl akashikilia kwamba ameisikia sauti kwa masikio yake. Imogen akafikiri kidogo, akaliondoa tunda kwenye kiti cha mlinzi, akamwomba akae pale, taratibu. Beryl akakaa. Kra! Sauti ileile.

"Beryl, mpenzi," Imogen akasema, "hilo ni goti lako."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Beryl hakucheka. Alilia kidogo, akashusha pumzi ndefu, akaibandika beji kifuani, akaenda kumkemea mgeni aliyekuwa anapapasa pazia.

Daktari amempa miadi ya goti Jumanne. Ameikataa. Jumanne ni zamu yake.