Moto Ambao Ndugu Yangu Hakuuwasha

Siku ile nilikuwa naumwa na jino tangu asubuhi. Nilifundisha chekechea hapa hapa Likoni, na mwalimu mwenzangu aliponiona nimeshika shavu akaniambia niende nyumbani, watoto angebaki nao yeye. Nikapita dukani kununua dawa, nikafika kwangu jua likiwa kali, nikavua kandambili mlangoni na kujitupa kitandani.

Ilikuwa nyumba ya mama, Mungu amrehemu: kuta za mawe na udongo, paa la makuti, na kiwanja kikubwa chenye minazi nyuma. Tangu mama afariki nilikaa humo peke yangu. Mume niliachana naye zamani, na mtoto sikujaliwa.

Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alipanga chumba Magongo pamoja na mkewe. Vibarua vya bandarini vilikuwa vimekatika, na dalali mmoja wa viwanja alikuwa amemjaza maneno. Kila alipovuka kwa feri kuja kwangu tulianza kwa salamu tukaishia kwa ugomvi. Alitaka tuuze kiwanja chote pamoja na nyumba.

"Nikitoka hapa niende wapi?" nilimwambia mara ya mwisho. "Wewe una mke. Mimi nina nyumba hii."

"Dada, unakalia haki yangu," akanijibu.

Haki alikuwa nayo, sikatai. Katika mirathi fungu lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Lakini nilipofikiria kuanza kupanga chumba kwa watu, umri huu, moyo uliniwia mzito, nikawa namzungusha tu kwa maneno.

Basi usingizi ulikuwa ndio kwanza unanichukua niliposikia harufu ya petroli. Nilidhani ni pikipiki ya mtu imeharibika njiani. Halafu nikasikia kitu kikichuruzika ukutani, kama mvua, na nje kulikuwa na jua. Nikaamka, nikafungua mlango wa mbele.

Ndugu yangu alikuwa ameketi barazani. Mtungi wa plastiki ulikuwa umelala miguuni pake, mtupu, na mkononi alishika kibiriti. Ukingo wa makuti ulikuwa unadondosha petroli. Alikuwa ameizunguka nyumba nzima kabla ya kufika mlangoni.

"Sikuwasha," akasema.

Nilikitazama kile kibiriti mkononi mwake.

"Nimeona kandambili zako, Dada. Nilijua uko shule. Wallahi nilijua uko shule."

Tulibaki vile, mimi nimesimama, yeye ameketi. Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kumwambia asogee, petroli isimdondokee kichwani. Kisha jirani yetu, ambaye alikuwa amemwona akimwaga, alifika na wanaume wengine. Niliwaomba wasimpige. Hawakumpiga. Walimshika mikono hadi askari walipokuja kumchukua, naye alikwenda nao.

Siku ya pili alikuja shangazi, dada wa marehemu baba. Ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wetu. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka nyumba akitazama kuta.

"Mwanangu, kimeungua nini hapa?"

"Hakuna kitu, shangazi."

"Basi kesi ya nini? Mtu afungwe kwa moto ambao haukuwaka?"

Akashusha sauti. "Waambie ulikuwa umelala. Hukuona kitu. Ni damu yako yule."

Nilikwenda kituoni kuuliza kama ninaweza kuiondoa kesi. Afisa aliyeishika alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mama, kesi hii si yako peke yako. Ni ya serikali. Wewe ni shahidi."

Kwa hiyo nilivuka kwenda mahakamani, nikala kiapo, nikasema nilichoona: kwamba alimwaga, na kwamba hakuwasha. Nilitamka yote mawili kwa sauti moja. Upande wa jamaa zangu, wanawake waligeuza nyuso zao, kwani walikuwa wamelisikia lile la kwanza tu.

Wakili wa ndugu yangu alishikilia kwamba mtu aliyeacha mwenyewe, bila kuzuiwa na yeyote, hana kosa. Mimi pia niliona ni maneno ya haki. Lakini hakimu, mama mmoja mpole wa sauti, alieleza kwamba sheria haingoji nyumba iwe majivu. Aliyenuia uovu akaanza kuutenda, kosa amekwisha kulifanya. Kule kuacha kunampunguzia adhabu, hakumfutii kosa. Akampa kifungo cha nje, na akamkataza kunikaribia hadi kipindi cha kifungo hicho kiishe. Dalali, ambaye naamini ndiye aliyemtia wazo la moto, hakuguswa. Hakuna aliyewasikia wakipanga, na ndugu yangu alikataa kumtaja.

Baada ya hapo watu hawakuja tena. Hakuna aliyenitukana wala kunigombeza, walikatika tu. Harusi nilizisikia zikishakwisha. Hata yule jirani aliyekuja kunisaidia alianza kunisalimia kwa mbali, maana naye alikuwa ametoa ushahidi na ukoo wetu ulimnunia. Idi ilipofika nilipika pilau kwa mazoea, sufuria kubwa, nikakaa na nguo yangu mpya nikisikiliza hodi za nyumba nyingine. Jioni nikalipeleka lile pilau msikitini likagawiwe.

Upweke huo ningeuvumilia. Kilichoninyima raha ni swali moja: je, nisingekuwa ndani? Shangazi hakutaka kulisikia, na mahakama haikuwa na haja nalo. Wa kumwuliza alikuwa mtu mmoja tu.

Kipindi chake kilipokwisha, nilikwenda Magongo. Mkewe alinifungulia mlango, akaniwekea chai, kisha akatuachia chumba. Ndugu yangu alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi.

"Shikamoo, Dada," akasema. Zamani hakuwa akiniamkia hivyo.

"Marahaba." Nilikuwa nimepanga kuanzia mbali kabla ya kumwuliza, ikanishinda. "Nisingekuwa ndani, ungewasha?"

Aliitazama chai yake. "Njiti nilikuwa nimeshaitoa. Nilitaka uhame, ukakae kwa shangazi. Sikuwa nafikiria zaidi ya hapo." Kisha akasema, "Sijui, Dada. Nikikwambia hapana nitakuwa nakudanganya."

"Usinidanganye," nikasema.

Tukamaliza chai. Hakunisindikiza, nami sikutegemea. Njiani nililia kidogo, si kwa hasira. Nilikuwa nimetaka aseme hapana.

Mwaka huo huo tulikwenda kwa kadhi, kiwanja kikagawanywa. Mimi nilibakiwa na nyumba na uwanja mdogo wa mbele. Yeye alichukua upande wa minazi, akauuza. Walionunua walikata miti wakajenga ukuta wa mawe karibu kabisa na dirisha la chumba changu. Asubuhi huwasikia watu wa upande wa pili wakizungumza na kucheka, wala siwajui ni akina nani. Ndugu yangu hunipigia simu siku za Idi. Tunaulizana hali, tunasema alhamdulillahi, halafu tunanyamaza hadi mmoja wetu anaposema salio linakaribia kwisha.