Simbilisi wa Jikoni

Mwaka ule tulikula ugali wa manjano, sisi watu wa Naitiri tunaojisifu kwa mahindi meupe. Yetu yalikaukia shambani, ya manjano yakaletwa na malori, na ukila unasikia kama unatafuna gunia. Siku moja ya mwaka huo naikumbuka kuliko harusi yangu. Nakuandikia, mwanangu Nekesa, kwa sababu Jumatatu unaingia maabara ya wanyama. Mjukuu wangu mimi niliyeachia shule darasa la tano! Nimeshaambia kanisa zima, usinikasirikie.

Kitale kulikuwa na daktari wa wanyama, mzee aliyetaka kujua pumzi inavyokwenda kifua kikibanwa. Alitumia simbilisi, hawa hawa wadogo wasio na mkia tunaofuga. Tukimpelekea, alitupatia unga mweupe. Sharti lake lilikuwa moja: wawe wamelala nje, kwa hewa safi. Wetu walilala jikoni, kando ya mafiga, kama wa kila mtu. Nje si wangeliwa na paka? Shangazi, mwenye simbilisi, akaniambia niseme walilala nje. Nikasema. Sikuona ubaya, nilikuwa naona ugali mweupe.

Siku hiyo Daktari alituruhusu tuangalie. Akamweka yule mwenye doa jeusi kwa sanduku la kioo, na kalamu ya mashine ikaanza kuchora kwa karatasi inayotembea. Pumzi moja, kilima kimoja. Katikati ya vilima palikuwa tambarare.

"Hapo anatulia kabla ya kuvuta tena," Daktari akasema. "Mimi natafuta hapo."

Kumbe pumzi ina mahali pa kusimama! Nikajishika kifua, nikakuta hata mimi ninapo.

Kisha akapuliza ndani ukungu wa dawa ya kubana njia za hewa, kidogo tu. Vilima vikawa vichuguu. Tambarare ikarefuka, ikarefuka. Mwenye doa akapanua mdomo, mbavu zinachapana. Daktari akafungua sanduku upesi, akampa dawa ya kumfungua kifua, pumzi ikamrudia pole pole.

"Ajabu. Dawa ni ile ile ya jana, na wa jana, niliowafuga mwenyewe nje, hawakutingika. Basi nitaandika kwamba ni kali kuliko tulivyodhani." Akashika kalamu. "Hawa walilala nje, sivyo?"

Shangazi akanikanyaga mguu. "Jibu, si wewe unawalisha?" Halafu akaninong'oneza, "Sema nje, bana. Ama umetamani manjano?"

Nikamwangalia mwenye doa, bado anahema.

"Siwezi kusema walilala nje. Walilala jikoni."

Nilingoja kofi. Daktari akasogeza kiti, macho yamewaka kama ya mtoto. "Moshi! Kumbe kifua kilishachokozwa zamani!" Akauliza tunawasha kuni gani, dirisha lipo, mlango unatazama wapi. Halafu akanigeukia. "Na nani mwingine analala humo?"

"Nyanya yangu."

"Anakohoa?"

Shangazi ndiye alijibu, sauti imeshuka. "Miaka yote. Sisi tunasema ni uzee."

Tulirudi na simbilisi wetu wote, bila unga. Shangazi alinitangulia njia nzima kwa hasira. Lakini tulipofika, hata kabla ya kuvua viatu, yeye mwenyewe alibeba kitanda cha nyanya akakipeleka nyumba kubwa. Manjano tukala mpaka mavuno. Kikohozi cha nyanya hakikuisha, sitakudanganya, ila kilipungua hata akarudi kuimba kanisani, vibaya kama zamani.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Mnyama hawezi kusema alilala wapi. Mdomo wake ni wewe. Amekutolea pumzi yake, usiipake uongo. Na ukishadanganya kama mimi, rudi useme kabla mtu hajaandika, hata kama mkubwa wako anakukanyaga mguu. Uliza maswali mengi kama yule mzee. Mungu akupe kifua kipana na macho yasiyochoka kushangaa. Na siku wakitaka uwaambie kile wanachopenda kusikia, waambie bibi yako alishajibu:

"Siwezi kusema walilala nje. Walilala jikoni."