Sinema za Ijumaa kwa Bi Hafidha

Mwanamvita wa Tanga hajui Kihindi. Tuliseme mapema, tusije tukalaumiana. Alipofika Nizwa, huko Uarabuni, kufanya kazi kwa Bi Hafidha, bibi mzaliwa wa Unguja ambaye macho yake hayaoni tena, aliulizwa swali moja tu: "Sinema za Kihindi unazifahamu?" Akajibu kwa moyo mweupe kwamba anazifahamu sana. Wala hakukusudia uongo, maskini. Kwao alikulia kwenye vibanda vya video, na kila filamu ya Kihindi aliyoiona ilikuwa na mtu anayeisimulia kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Hakuwahi kuwaza kwamba siku moja msimuliaji hatakuwepo.

Ijumaa ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, akawasha televisheni, akasikia Kihindi kitupu. Chini yanapita maandishi ya Kiarabu. Msahafu anausoma, ndiyo, lakini maneno yale yalikimbia kabla hajaunganisha herufi mbili, na hata angeyasoma asingeyaelewa. Bi Hafidha amekaa na kikombe chake cha kahawa, anangoja. Ungefanyaje wewe? Mwanamvita akafungua mdomo.

Na mdomo huo, bibi we, haukufungwa miaka mitatu. Stelingi akilia, Mwanamvita anajua kinachomliza. Adui akicheka, anajua anamcheka nani. Waigizaji akawabatiza mwenyewe: yule mnene ni Kibonge, na yule bibi harusi wa kila filamu ni Macho. Nyimbo tu ndizo alizoziacha. Bi Hafidha alizipenda tangu usichana wake, alipokuwa akienda na wenzake maonyesho ya sinema ya wanawake mjini Unguja, na wimbo ukianza husema, "Nyamaza kwanza," akapiga paja kwa vidole.

Lakini raha hiyo ilikuwa na hofu ndani yake. Mfanyakazi aliyemtangulia alirudishwa kwao kwa kusema kaswali, kumbe hajaswali. "Mvivu namvumilia," Bi Hafidha hupenda kusema. "Muongo simtaki nyumbani kwangu." Kila akilisema hilo, Mwanamvita hukusanya vyombo akakimbilia jikoni. Kazi angepata kwingine, lakini bibi kama huyu angempata wapi? Alimpenda, basi.

Ijumaa moja akaja Rawya, mjukuu wa Bi Hafidha, mwalimu anayekaa Firq, hapo jirani. Siku hiyo ilikuwa ile filamu ya kuchekesha na kuliza inayozungumzwa mji mzima, ya ukoo unaopiga tarumbeta kwenye harusi za watu. Kibonge alikuwa amewavunja mbavu saa nzima. Ghafla ukoo wote umevaa nyeupe, unalia.

"Wana nini?" akauliza Bi Hafidha.

"Bibi yao amekwenda kupumzika kwa dada yake," akasema Mwanamvita. "Wamemkumbuka."

Rawya akasoma maandishi, akamgeukia. "Dada yake gani? Bibi, amekufa. Wako msibani hao."

"Zima," akasema Bi Hafidha.

Ikazimwa. 

"Kihindi hukijui?"

"Sikijui, Bi Hafidha. Hata neno moja."

"Yule mama wa stelingi aliyeanguka ngazini, ukasema amehamia kwa mwanawe?"

"Nadhani alikufa."

"Na yule ajuza wa kwenye treni?"

"Naye pia." Machozi yalikwisha kumfika kidevuni.

Bi Hafidha akahesabu kwa vidole, midomo inatikisika kama anayevuta uradi. "Miaka mitatu," akasema taratibu. "Sinema zote hizo, na hapana kizee hata mmoja aliyenifia."

"Sikuweza kukwambia," akasema Mwanamvita. "Unakaa hapo peke yako, husikii ila sauti yangu. Sikuweza."

"Uongo ni uongo. Nitake radhi."

"Niwie radhi, Bi Hafidha."

"Nishakuwia."

Rawya, kwa nia njema kabisa, akasema, "Bibi, mimi nitakuja kila Ijumaa nikusomee maneno yenyewe."

"Wewe njoo ule," akasema Bi Hafidha. "Haya, washeni. Mwanamvita, kaa hapa karibu. Muue huyo bibi, mimi siogopi. Ila umzike vizuri."

Mwanamvita akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaanza na jamaa waliokuja kuzika, mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake.