Mvua ya Saa Tisa na Majina Yake

Shemeji yangu Séraphin Byukusenge aliimba wimbo mmoja tu uliopendwa, na tangu siku hiyo hajagusa jembe. Ni miaka kumi na minne sasa. Ukimwuliza kazi yake atakujibu kwamba yeye ni msanii, huku akiishusha miwani ya jua hadi puani ili akuone vizuri, maana kioo kimoja kina ufa. Anaishi mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Rubaya, katika nyumba ambayo dada yangu Céline Mukagasana anailisha kwa maharage na mihogo. Mimi ni Astrid. Nina kibanda pale njia ya machimbo inapokutana na barabara, na kazi yangu ni kuweka nyimbo kwenye simu za watu. Mchimbaji ananipa carte mémoire yake, ile kadi ndogo ya ndani ya simu, naichomeka kwenye kompyuta, anachagua, namjazia. Kwa hiyo nikisema wimbo fulani ni takataka, nasema kama mtu wa kazi.

"Mvua ya Saa Tisa" haikuwa takataka. Hilo nalikubali, na linaniuma. Magitaa mawili, ngoma moja, na sauti ya Séraphin kabla haijaharibiwa na majivuno. Mwanamume anapita njiani, kila siku mvua inamkamata saa tisa mbele ya nyumba ya mwanamke yuleyule, naye anaishukuru mvua. Basi, hakuna kingine. Lakini Masisi mvua hunyesha kweli saa hiyo, na kila aliyewahi kujikinga chini ya bati la mwenzake aliona wimbo ni wake. Kiangazi kile wimbo ulipotoka, mbingu zilikauka, ila mvua ya Séraphin ilinyesha katika kila simu. Wabeba mizigo waliteremka mlima nayo, madereva wa malori waliifikisha Mubi, na hata mashambani Kibua, mbali kule Walikale, watu walipalilia wakiiimba.

Sasa nieleze jinsi ilivyorekodiwa, maana ujinga wote ulianzia hapo.

Studio ilikuwa Goma, na studio haitaki maneno matupu. Céline aliuza maharage ya misimu miwili, pamoja na mbuzi mwenye mimba aliyekuwa akimwita kwa jina. Séraphin alimshika mikono yote miwili mbele yangu.

"Mama, jina yako njo itakuwa ya kwanza mu nyimbo," alimwambia. "Kila muntu atajua ni nani alinisukuma."

Kwa asiyejua mambo yetu: katika nyimbo za Kongo, mwimbaji hutaja majina ya watu waliomsaidia au waliompa chochote. Tunaita kutupa libanga. Mtu akisikia jina lake limetupwa kwenye wimbo, hutembea wiki nzima kifua mbele. Wapo walionyima watoto wao viatu ili jina lao litajwe mara moja, na sijawahi kusikia mmoja wao akijuta.

Céline alibaki shambani kupalilia na kunituma mimi niwe macho yake. Basi niliona. Wimbo ulikuwa na mahali pa majina kumi na moja, pale magitaa yanapobaki peke yake. Athanase, mfanyabiashara wa chumvi na bia kati ya Rubaya na Mubi, ndiye aliyetubeba kwenye lori lake, akatununulia brochette, yaani mishikaki, njiani, na kabla hatujafika Goma alikuwa ameshachukua nafasi tatu. Papa Grégoire wa mashine ya kusaga alichukua mbili. Muuza nyama Tuyishime, mwalimu Jérémie, fundi wa pikipiki, na wengine wa namna hiyo walimaliza zilizobaki. Séraphin hakujua kukataa. Mtu akimwita "msanii", alimpa nafasi.

Nilimvuta shati kabla hajaingia kwenye maikrofoni.

"Na Céline?"

"Shemeji, Céline ni muntu wa nyumbani," akasema. "Hawezi kasirika."

Akaingia. Akataja majina yote kumi na moja kwa sauti ya padri anayebatiza. Akatoka anatiririka jasho, tukapanda lori, na tulipofika Sake, njiani kurudi, ndipo mimi mwenyewe, niliyekuwa macho ya mtu, niligundua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Mwanamume huyu aligawa nafasi zote akasahau kujitaja mwenyewe.

Labda utasema, kuna ubaya gani? Nisikilize. Siku zile wimbo haukuwa na picha wala maandishi. Ulipita kutoka carte hadi carte ukiitwa "Piste 7". Msikilizaji alijua alichosikia tu, na jina alilolisikia mara tatu, la kwanza na la mwisho, lilikuwa Athanase. Ndani ya mwezi mmoja watu walikuwa wanakuja kibandani kwangu na kusema, "Mama, unipe ile ya Athanase." Nilisahihisha mpaka ulimi ukachoka. Athanase hata kuitikia "amina" hawezi bila kutoka nje ya sauti, lakini Mubi walikuwa wanampa bia kwa ajili ya wimbo ule naye anapokea. Kwenye harusi moja walimvuta aimbe, akasema koo linamuuma. Koo hilo liliendelea kumuuma miaka kumi na minne.

Mwenye akili angejifunza. Shemeji yangu alijifunza kinyume. Wimbo wake wa pili aliujaza jina lake mwenyewe mara kumi na tisa, akaongeza majina ya watu ishirini na sita, na katikati akabakiza mistari mitatu ya wimbo wenyewe. Niliuweka bure kwenye carte za wateja, kwa ajili ya dada yangu. Walirudi kuniomba niufute, unachukua nafasi. Wimbo wa tatu ulikuwa wa amani, kwa Kifaransa, lugha ambayo Séraphin anaijua kwa kusalimia tu. Kisha akageukia kanisa. Kiongozi wa kwaya alimsikiliza kwa uvumilivu wa Kikristo, akamwomba asimame nyuma, upande wa sauti nzito, na akiweza apunguze mikono.

Kwa hiyo alirudi kwenye ule mmoja. Akipata mgeni, anatoa kiti mbele ya nyumba, anaweka simu juu ya goti, anacheza "Mvua ya Saa Tisa", na majina yakifika ananyoosha kidole hewani kuhesabu. Grégoire, Tuyishime, Jérémie. Wakati huo Céline anapita na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, na mgeni anasogeza miguu apate njia. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, si mara moja. Siku moja nilitaka kumrushia Séraphin kiti chake.

"Achana na Papa Gaëlle," Céline aliniambia. Gaëlle ni binti yao mkubwa. "Ni nyimbo tu."

Uongo. Ninamjua dada yangu. Huwa anauimba wimbo ule akilima, kila neno, na anauimba vizuri kuliko mwenyewe, lakini akifika pale magitaa yanapobaki peke yake ananyamaza. Anangoja majina yapite, kisha anaendelea na mvua. Miaka yote hiyo ananyamaza mahali palepale. Alichotaka ni jina lake lisikike mara moja, mahali alipoahidiwa. Hakuomba kingine.

Mwaka huu akatokea kijana anaitwa Prince. Alizaliwa Kibua, akakua na wimbo huo kwenye simu ya baba yake, na sasa anaimba Goma, na vijana wanamfuata. Alitaka kuurudia upya. Kwa kuwa ana adabu, alimtafuta kwanza mwenye wimbo, yaani alimtafuta Athanase. Alikwenda hadi Mubi, akamkalisha chini, akamwomba amwimbie ubeti wa kwanza ili asikie ulivyokuwa. Koo lile likakosa pa kukimbilia. Athanase akakiri, akampa namba yangu.

"Mama Astrid," Prince aliniambia kwenye simu, "ile majina yote tumeitoa. Batoto ba leo habaipende. Lakini juu ya heshima ya Papa Séraphin, tumeacha fasi moja, ya jina moja. Achague ye mwenyewe. Aseme mu vocal, kwa sauti yake, mututumie mbele ya Jumapili."

Nilikaa na simu mkononi nikicheka peke yangu. Jina moja! Baada ya miaka kumi na minne! Nilimtumia Séraphin ujumbe ateremke, na sikumwambia Céline neno, ili alisikie jina lake kwa ghafla.

Alikuja amevaa koti la harusi na miwani. Nikamweleza.

"Ni ya Céline," nikamwambia. "Ulimuahidi mbele yangu."

"Shemeji, miaka kumi na ine bantu banasema ile nyimbo ni ya Athanase," akasema. "Nikipita mu soko, hakuna hata moja ananijua. Unajua vile inauma?"

Nilimhurumia. Nasema kweli, nilimhurumia, kwa muda wa kumeza mate.

"Séraphin, sikiliza. Siku hizi jina la mwenye wimbo linaandikwa. Prince aliniapia. Muntu akifungua nyimbo, ataona jina yako pale juu ya écran ya simu. Uko ndani tayari. Hii fasi ya sauti umupe Céline."

"Bantu habasome," akajibu. "Bantu banasikia."

Akaninyang'anya simu. Akakohoa, akanyoosha koti kana kwamba simu inamwona, akabonyeza. "Séraphin Byukusenge wa Masisi!" Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, wasije wakasema hawakusikia. Akatuma. Nilimwita majina mengine, ambayo hayawezi kutupwa kwenye wimbo wowote. Akaniambia nitaelewa siku moja, kisha akaniomba nimnunulie andazi.

Wimbo ukatoka. Siwezi kuudharau, ingawa nilijaribu. Prince ana sauti, na mvua ni ileile. Ndani ya wiki mbili nilikuwa naujaza kwenye carte tangu asubuhi hadi kufunga, na Séraphin akahamia kibandani kwangu. Alikaa juu ya kreti la bia, miguu mbele ya wateja, akingoja kutambuliwa.

Siku ya tatu ya kungoja kwake, wabeba mizigo wawili walisimama wakisikiliza kwenye spika yangu, kama nilivyowazoesha. Magitaa yakabaki peke yake. Sauti ya shemeji yangu ikalia, Séraphin Byukusenge wa Masisi.

"Uyu Séraphin njo nani?" mmoja akauliza.

"Pengine ni mukubwa wa machimbo," mwenzake akasema. "Alilipa nini juu Prince amutupe mu nyimbo yake?"

"Alilipa kitu ya nguvu. Bameacha jina yake peke yake!"

Séraphin akainuka kwa kasi ambayo shamba halijawahi kuiona.

"Ni miye!" akasema. "Ni miye Séraphin!"

Walimtazama, kuanzia miwani yenye ufa hadi viatu, wakacheka kwa furaha.

"Papa, basi utulipie na siye bière!"

"Mi sikulipa! Ile nyimbo ni yangu, njo niliitunga!"

"Hapana, Papa," yule wa kwanza akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. "Ya zamani ilikuwa ya Athanase. Kila muntu anajua."

Wakachukua carte zao wakaenda. Séraphin akakaa tena kwenye kreti, akavua miwani, akaanza kukifuta kioo kile chenye ufa. Hakuniomba andazi siku hiyo.

Nilifunga kibanda mapema nikapanda mlima. Sitasema nilikwenda kumfariji dada yangu. Nilikwenda na raha yangu mdomoni, nikiwa na hamu ya kumpa nusu. Nilimkuta uani, ametandaza maharage makavu juu ya turubai, anayapiga kwa fimbo yaachane na maganda. Nikamwambia yote, tangu simu ya Prince hadi wale wabeba mizigo, na jinsi nilivyopigania jina lake nikashindwa. Kisha nikamchezea wimbo.

Aliusikiliza akiwa amesimama, fimbo mkononi. Mahali pa majina palipofika sikuthubutu kumtazama. Jina la mumewe likapita. Nikasikia kicheko, nikainua macho, kumbe ni yeye, anacheka hadi akakaa chini juu ya maharage yake, machozi yakimtoka. Sijui kama machozi yale yote yalikuwa ya kicheko. Akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Astrid," akasema, "kama ingekuwa jina yangu, bangeuliza vilevile. Bangesema, uyu Céline njo nani, alilipa nini?"

"Bangeuliza," nikakubali.

Akachukua fimbo yake, akainuka.

"Basi mi ningebaambia."