Blanketi la Picha

Anayetaka kucheka na acheke, lakini haya niliyaona mwenyewe, nikiwa mzima na bila tone la pombe.

Kila Ijumaa nikitoka kiwandani Thika nilimpa Shosho shilingi hamsini. Alikuwa bibi kizee asiye na kwao, akilala kwenye veranda ya duka la mbegu. Kisha kanisani kwetu ikaundwa kamati ya kusaidia watu wa barabarani. Tukaambiwa pesa zote zipitie huko, eti za kuwapa mkononi zinawaharibu. Nikaamini kama mjinga. Nikamwambia Shosho, "Kuanzia leo kamati itakuangalia."

"Sawa, mwanangu," akasema tu.

Julai, baridi ikiuma, mwenyekiti wa kamati alitutumia picha kwenye simu. Shosho amejifunika blanketi jipya la buluu, mwenyekiti mwenyewe kando yake, meno yote nje. Siku hiyo nililala vizuri, na naona aibu kulisema.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Ruiru, jioni, navuka daraja la waendao kwa miguu. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha mpaka shati la ndani. Nikamkuta Shosho ameketi pale, nguo zake kavu kabisa. Blanketi hana.

"Shosho, umefikaje huku? Na blanketi?"

"Walinifunika, wakapiga picha, wakalichukua. Walisema kuna wengine wa kupigwa picha nalo."

Nilishikwa na hasira. Nikatoa noti ya mia mbili, nikamwekea kiganjani. Ikapita. Niamini, ilipita katikati ya mkono ule ikaanguka chini, ikalowa.

Akaniangalia bila chuki. "Si ulisema nipewe na kamati? Wapelekee."

Nilikimbia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kesho yake nikaenda kumuuliza mama anayeuza chai karibu na lile duka la mbegu. Akaacha kumimina.

"Huyo si alikufa? Kesho yake tu, baada ya hao watu wenu wa picha. Tulimpata asubuhi amekauka na baridi."

Mwenyekiti nilipomuuliza, alijibu kwamba kamati ina utaratibu wake. Ile picha bado wanaitumia kuombea michango.

Mkono wangu wa kulia, ule nilioshikia ile noti, haujapata joto tangu jioni ile, hata jua la Februari likiwaka. Nalala nimeubana kwapani. Basi nawe ukiwa na chako cha kutoa, mpe mwenyewe, umtazame usoni, na umpe akiwa bado ana mkono wa kupokea.