Siku Nilipomhamisha Baba Mkwe

Kisa hiki niliwahi kukitoa mara moja tu, kwenye kikao cha akina mama wa jumuiya, wakacheka mpaka mwenyekiti akafunga kikao kabla hatujagusa ajenda, kwa hiyo najua na nyinyi mtacheka, chekeni tu, aibu yenyewe sasa imeota mvi kama mimi. Mimi ndiye yule msichana wa Kabanga aliyemfanya baba mkwe wake ang'oe mlango wa nyumba yake mwenyewe na kuubeba kichwani, na yote hayo chanzo chake koti.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, ya kuhamia vijijini, watu wanatolewa kwenye migomba yao huko milimani wanashushwa kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Na miaka hiyohiyo sisi vijana wa Kasulu tulishikwa na mtindo wa kijeshi. Waliorudi kutoka jeshini walirudi na mabuti na suruali za mifuko ya pajani, basi hata asiyewahi kushika silaha zaidi ya manati akatafuta shati la kaki lenye vikanda mabegani. Sketi fupi na suruali za kubana zilikuwa zimepigwa marufuku, ukikutwa nazo unachaniwa mchana kweupe, lakini kaki nani akuchanie, umefanana na serikali yenyewe. Na ukimpata mwenye Landrova akakupandisha mbele, ukapita sokoni umetoa kiwiko dirishani, wewe duniani umefika.

Koti langu nililipata kwa Shabani, mtu wa pwani aliyekuwa akiuza kafa ulaya pale Kasulu (ndivyo tulivyoziita nguo kuukuu za Wazungu, kwamba mwenyewe kafa huko Ulaya ndiyo nguo ikaja). La kijani, zito kama blanketi, mifuko minne yenye vifuniko, vifungo vya shaba, na mkanda wake. Shabani akaniambia, "Dada, aliyevaa hili alikuwa meja." Umeja wa marehemu aliujuaje mimi sijui, nasoma kwa kuunganisha herufi na lebo ya ndani siku hiyo wala sikuijali, nililichukua kwa ajili ya umeja huohuo.

Sasa, nilikuwa nimeposwa na Gervasi, fundi seremala wa Busunzu, kule upande wa Kibondo. Alikuja kwetu kutengeneza madawati, akamaliza madawati, hakuondoka. Mahari ilikuwa ng'ombe wawili; wa kwanza alishafika, wa pili alikuwa bado kwa baba yake, na mzee alikuwa ametuma neno kwamba mguu wake ni mbovu, hawezi kusafiri mpaka Kabanga, basi msichana aletwe amwone kwa macho yake, akimpenda ng'ombe atatoka, asipompenda, Gervasi atafute kwingine. Kwa hiyo safari hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yangu, wenzangu, sikuwa na nyingine.

Na mila zake nilifundishwa. Mwali akienda kuonwa hafiki na gari mpaka uani, anashuka barabarani na shangazi yake, wanasubiri njiapanda mpaka atumwe mtu kuwapokea, halafu anatembea nyuma ya shangazi amejitanda kanga, macho chini. Na baba mkwe hatajwi jina. Hata kitu kinachofanana na jina lake unakitafutia jina jingine. Shangazi Perpetua, dada wa baba, alinikaririsha haya wiki nzima.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu na baridi ile yetu ya milimani, nikatia koti juu ya gauni. Shangazi akasema vua hilo. Nikamwambia, "Shangazi, nitalivua tukifika." Uamuzi mdogo tu, kama mnavyouona.

Tulipewa lifti na binamu yangu Salvatori, dereva wa mkandarasi wa barabara, aliyekuwa akienda Kibondo kuchukua vipuri kwa Landrova ya kazi. Yeye naye alivaa kaki juu mpaka chini, na miwani myeusi. Njiani vumbi likaingia, shangazi akalalamikia nywele zake, Salvatori akamvika kofia yake ya kijeshi, na shangazi (huyo aliyeniambia nivue) akajitazama kwenye kioo cha gari mara mbili. Basi tukawa kikosi kamili.

Tulipokaribia Busunzu nikamwona Gervasi amesimama njiapanda anatupungia mikono yote miwili. Hapo ndipo tulipotakiwa kushuka. Lakini shetani wa koti alishanipanda, nikamwambia Salvatori asisimame, apande hadi uani, maana nilitaka ukoo mzima unione nikishuka. Shangazi alianza kusema neno, gari likaruka shimo, neno likabaki kooni. Gervasi tulimwacha ndani ya vumbi akiwa bado anapunga.

Jambo ambalo Gervasi hakuwa ameniambia (aliona aibu) ni kwamba baba yake alikwisha kupangiwa kiwanja kijiji kipya cha chini, akahamishwa, akakaa siku nne, kisha akarudi kimyakimya kwenye migomba yake akisema anasubiri maharage yaive. Na mlima mzima ulikuwa umerudi hivyohivyo. Na maofisa walikuwa wakija kuwatoa kwa namna moja: Landrova mbele, ndani yake watu wa kaki, mmoja mwenye mifuko mingi anashuka anasoma majina.

Wa kwanza kutuona alikuwa Yozefina, jirani yao, alikuwa analima. Akatupa jembe akapiga yowe, yowe likapokelewa mlima wa pili, na mimi dirishani nikamwambia shangazi kwamba watu wa huku wanajua kupokea wageni.

Tukafika uani. Hakuna mtu. Majani ya migomba yametandikwa vizuri, vigoda vimepangwa, moto unawaka, na mtungi wa pombe ya ndizi umelala chali, pombe yote inateremka kuelekea miguuni petu (kupika pombe nako siku hizo kulikuwa kosa kwa maofisa, kwa hiyo waliimwaga kwanza). Shangazi akauliza kama hayo ndiyo mapokezi ya Wakibondo. Salvatori akapiga honi ndefu kuwaita wenyeji. Nikaona shamba la mtama linatikisika, kisha likatulia.

Tukangoja. Salvatori akasema kazi inamsubiri. Nikaona ndoa yangu inaondoka na hiyo Landrova, nikapanda juu ya bampa, nikaweka mikono kiunoni juu ya mkanda wa meja, nikamwita baba mkwe kwa jina lake, lote, na la baba yake nikaunganisha, mkono wa shangazi ukafika mdomoni kwangu umeshachelewa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu nikaendelea, nikasema atoke tu, tumemfuata yeye, na yule ng'ombe naye tumekuja kumwona.

Nyuma ya nyumba tukasikia mbao zinagongwa, ko, ko, ko, kitu kikang'oka. Na hapo akatokea mzee anakuja mbio, mguu ule mbovu ukiwa wa kwanza, mlango mzima kichwani na bawaba zake zinaning'inia. Akautua mbele yangu, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima kama anavyosalimiwa mkubwa, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Nahama. Mlango huu hapa. Nyumba niliiacha zamani, nilirudia mlango tu. Na huyo ng'ombe si wangu, ni wa mkwe wangu wa Kabanga."

Baba mkwe, amechuchumaa mbele ya mwali. Sijui niliruka vipi kutoka kwenye bampa, ninachokumbuka nami nilikuwa chini napiga makofi kumjibu, koti limenikaba shingoni, yeye akiona afisa kachuchumaa akainama zaidi, nami nikainama zaidi, tukaenda hivyo hadi vipaji vya nyuso vikakaribia kugongana. Ndipo Gervasi akafika mbio, mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kinuni.

"Baba, huyo ndiye mchumba wangu."

Mzee akanitazama, kuanzia vifungo hadi kola.

"Huyu?"

"Huyu, baba."

Akaketi juu ya mlango wake. Watu wakaanza kutoka kwenye mtama mmojammoja, Yozefina ana kuku kwapani, Bigiri, mdogo wa yule mzee, ana godoro, na kadiri walivyoelezwa ndivyo walivyoshika matumbo. Mzee peke yake hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba pombe yake imemwagika, mlango wake umeng'oka, na jina lake limeitwa na mwali mbele ya mlima mzima, basi ng'ombe hatoki na posa imekwisha. Gervasi akageuza uso. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa, machozi yananitoka, na hayakuwa ya vumbi.

Ndipo Shangazi Perpetua, Mungu amrehemu, akaivua kofia ya Salvatori taratibu, akaisogelea ile maiti ya mtungi, akakaa kigodani kama aliyekaribishwa.

"Baba Gervasi," akasema, "umetamka mwenyewe, watu wote hawa wakiwa mtamani wanasikia, kwamba ng'ombe ni wa mkwe wako wa Kabanga. Ulikuwa unamwambia afisa. Sasa tuseme ulimdanganya afisa?"

Mzee akamtazama shangazi, akatazama mlango, mabega yakaanza kumcheza, akajizuia, yakamshinda, akacheka mpaka Bigiri akamshika asianguke.

Akahukumu hivi: ng'ombe aende, kwa kuwa kinywa kimekwisha kumtoa. Lakini mimi nirudi baada ya wiki mbili, nishukie njiapanda, nije kwa miguu nimejitanda kanga, na mtungi wa pombe kichwani badala ya ule uliomwagika. Nikafanya hivyo. Mlima ule jamani, nami nina mtungi kichwani, kila boma watu wametoka nje kupiga saluti. Nikafika, nikapiga magoti, nikatazama chini, nikasalimu kwa sauti ya mwali. Naye kutoka ndani, mlango umesharudishwa, akajibu, "Karibu, Afisa."

Mpaka anazikwa hakuniita jina jingine. Nami niliapa siku ile mambo mawili na nimeyashika hadi leo. La kwanza, siingii ua wa mtu nikiwa ndani ya gari. Wajukuu wananipeleka harusini na magari yao marefu ya kupanda kwa ngazi, nawaambia nishusheni barabarani, wananung'unika, nashuka. Na la pili mmeliona wenyewe: Shabani nimemtaja, Salvatori nimemtaja, Yozefina na Bigiri nimewataja, majina yote ya mlima ule ninayo kichwani, lakini la mzee yule hamjalisikia kwangu, na hamtalisikia.