Mtandao Umepona, Senene Wamebaki

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kituo kimoja cha afya Muleba, mkono umevimba, nikisubiri picha yangu ya eksirei imfikie daktari Bukoba. Haiendi! Mtandao ulikuwa umeelemewa, maana nusu ya foleni, nami nikiwemo, tulikuwa tunaangalia mpira kwa waifai ya kituo.

Mama wa mapokezi akampigia fundi wa mtandao aliyeko Bukoba, simu kaiweka spika. "Mwanangu, njoo. Ndizi ziko jikoni."

"Tatizo nimeliona nikiwa huku huku. Nimeshamaliza, mama."

Kweli, mpira ukaganda kwenye simu zetu na picha yangu ikaondoka. Nilipiga makofi hadi nikasahau mkono.

"Umemalizaje na hujafika?"

"Zamani kila kifaa kilikuwa na akili yake, nazunguka kukibembeleza kimoja kimoja. Sasa akili yote iko kwenye programu moja hapa kwangu. Nimeiambia picha za wagonjwa zipite kwanza, mpira usubiri. Vifaa vya vituo vyote vimetii."

Mama akashika kiuno, akashangaa kwa Kihaya. "Waitu! Na senene niliokukaangia?"

Kusikia senene, panzi wetu watamu wa kukaanga, foleni nzima tukaisogelea simu.

"Mama," fundi akasema taratibu, "kuna kifaa kimoja hapo nakitilia shaka. Lazima nije nikione kwa macho."

Basi msomaji, teknolojia hiyo inaamrisha mashine za mkoa mzima, ila tumbo la Mhaya bado halijaunganishwa. Daktari naye alijibu upesi: mfupa mzima, nenda nyumbani.

Niende wapi, na senene wako jikoni?